Saa za Nani? Mzazi Anaporudi Darasani

Mwaka 1998 mama yangu alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja mkoani Tanga. Alikuwa na umri wa miaka 34, watoto watatu, na cheti cha darasa la saba. Alijua kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kusafisha kidonda, kumtuliza mjamzito aliyeingiwa na hofu usiku wa manane. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kushika sindano, na ruhusa hiyo haikupatikana bila kidato cha nne. Akajiandikisha masomo ya jioni. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa darasa la sita.

Siku yake ilikwenda hivi. Saa kumi alfajiri anaamka kuteka maji na kukoroga uji. Saa moja na nusu yuko wodini. Saa tisa na nusu anavua koti la kazi, na saa kumi jioni anaingia katika darasa la shule ya msingi lililoazimwa na kituo cha masomo, anakaa kwenye dawati la mtoto wa miaka tisa, magoti yakigusa ubao wa juu. Saa mbili usiku anafika nyumbani. Kati ya saa tisa na nusu na saa mbili, aliyebandika ugali, aliyemwogesha mdogo wangu wa kati na aliyembembeleza mdogo wa mwisho, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, ni mimi.

Mzazi akirudi shuleni, watu husifu moyo wake. Husema amejituma, hakukata tamaa, elimu haina mwisho. Sifa hizo ni za haki, lakini kwa miaka mingi nimeona zinalifunika swali lenyewe. Moyo uko tele. Nenda kituo chochote cha masomo ya jioni Januari, wakati wa kujiandikisha, utaukuta umejaa hadi mlangoni. Urudi Septemba, uhesabu waliobaki. Kilichowapungukia walioondoka mara nyingi si moyo, ni saa. Mtu mwenye familia hana saa iliyolala bure ikisubiri kusomewa. Kila saa anayoipeleka darasani ameitoa mahali: kwenye biashara, kwenye usingizi, au kwa mtu mwingine ndani ya nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mzazi ana nia, ningependa tuulize anasoma kwa saa za nani.

Tanzania iliwahi kulijibu swali hili kwa namna yake. Mwalimu Nyerere, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, alieleza kwamba ni lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto tunaowasomesha leo hawataugusa uchumi wa nchi kwa miaka mingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wakasikiliza kwa vikundi na kutoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Takwimu rasmi zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wakishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Hata mwenye mashaka na ukali wa mitihani ile ya kupima kisomo hawezi kukana kwamba mamilioni ya watu walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wazazi.

Sifa ya mafanikio yale kwa kawaida hupewa siasa, yaani hamasa, hotuba na nyimbo. Mimi naona sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi. Madarasa ya ngumbaru, yaani ya kisomo cha watu wazima, yaliwafuata watu walipo na yakafuata ratiba yao. Kijijini yalianza alasiri baada ya shamba, chini ya mti, na mama alikuja na mtoto mgongoni bila kuulizwa. Mjini, agizo la Waziri Mkuu Rashidi Kawawa la mwaka 1973 liliwataka waajiri waweke elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi. Yaani saa ya kusoma ilitolewa na kiwanda, na mke hakuilipia kwa jasho lake jikoni. Bibi yangu alijifunza kusoma Muheza katika miaka ile, na hadithi yake haikuwa na mateso yoyote. Alibeba mtoto, akaketi, akaandika, mtoto akilia anamnyonyesha, anaendelea. Mwalimu wake mwenyewe alikuwa jirani aliyemaliza darasa la saba.

Kisha uchumi ukayumba. Katika miaka ya 1980 fedha za walimu wa kujitolea zikakatika, karo ikarudi mashuleni, na viwanda vyenyewe vilivyoagizwa kutoa saa vikaanza kufungwa. Neno ngumbaru likabaki la kumcheka mtu asiyejua. Elimu ya mtu mzima ikawa shughuli ya binafsi: anayeitaka aitafute, ailipie, aiweke jioni, na asimsumbue mtu.

Milango haikufungwa, na hilo lazima lisemwe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata sheria yake mwaka 1975, ina vituo katika mikoa. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, akifaulu anasajiliwa na Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Aliyefeli anarisiti. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na hadi leo ndicho kimbilio la walimu, askari na maofisa watendaji wanaosoma bila kuacha kazi. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, inapima ujuzi wa fundi aliyejifunzia gereji au kwenye ujenzi na kumpa cheti bila kumrudisha darasa la kwanza la ufundi. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu inamhesabia mtu saa alizokwisha kuzitumia. Fundi mwenye watoto wanne hawezi kupewa tena miaka miwili ya kujifunza kushika randa aliyoishika tangu ujana.

Lakini mlango ulio wazi saa kumi jioni una maana gani kwa mama lishe ambaye saa kumi ndipo anapowasha moto wa chakula cha usiku?

Hapo ndipo tofauti ya baba na mama inapojitokeza. Wanaume wengi waliorudi shuleni katika miaka ya karibuni walisukumwa na ajira. Tangu tarehe 20 Mei 2004 kidato cha nne ndicho kimekuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa serikalini, na uhakiki wa vyeti ulipopita mwaka 2017, madereva, walinzi, watunza kumbukumbu na watendaji wa vijiji walioingia baada ya tarehe hiyo na cheti cha darasa la saba walijikuta nje. Baadhi ya walioajiriwa kabla yake waliondolewa pia, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza warudishwe. Kwa mtu aliyeyaona hayo, kusoma si tena ndoto ya ujanani. Ni namna ya kuilinda sahani ya watoto wake. Vituo vya jioni vikapata wanafunzi wenye mvi.

Baba huyo anapofungua daftari nyumbani, nyumba hunyamaza. Watoto huambiwa wakacheze nje, baba anasoma. Chai huletwa mezani. Mama anapofungua daftari, hulifungua jikoni. Nimemwona mama akikariri hatua za mmeng'enyo wa chakula huku mkono mmoja ukichambua mchicha, karatasi imebanwa kwa kopo la chumvi isipeperuke. Aya moja, mtoto anaita. Aya nyingine, jirani anaomba kiberiti. Baba na mama hawa wanafanya mtihani uleule, siku ileile ya Novemba, na matokeo yanapotoka tunawapima kwa akili.

Yapo pia mambo ambayo hayasemwi barazani. Mume mwenye darasa la saba anapoona mke anakwenda kidato cha nne, hofu humwingia kwamba atadharauliwa, na hofu hiyo haitoki kinywani kama hofu. Hutoka kama lawama: chakula kimechelewa, mtoto amekonda, huyo mwalimu wenu wa jioni ni nani. Baba yangu hakuwahi kumkataza mama kusoma. Alichofanya ni kutobadili chochote. Alirudi kazini, akaoga, akaenda kibarazani kwa wenzake, akasubiri kuitwa kula. Nampenda baba yangu na namwandika hivi kwa sababu ndivyo walivyo waume wengi wema: hawamzuii mke, ila hawabebi hata ndoo moja.

Ndoo ile akaibeba binti.

Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa ndipo uchambuzi mwingi wa elimu ya watu wazima haufiki. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa wa tatu darasani. Katikati ya darasa la sita nilikuwa wa thelathini na kitu. Nilikuwa nasinzia kipindi cha hesabu. Sikuwa naandika kazi za nyumbani kwa sababu chemli ilikuwa moja na mama ndiye aliyekuwa na mtihani. Mwalimu wa darasa akamwita mama. Mama akarudi na ripoti mkononi, akaketi kwenye kigoda, akaniambia, "Mwanangu, nimekuibia." Usiku ule alifunga madaftari yake kwenye mfuko wa rambo akayaweka juu ya kabati. Alikuwa amebakiza miezi michache.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Elimu ya mama ilikuwa inalipwa kwa elimu ya binti, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila ninapoona picha ya mama mwenye joho la mahafali amezungukwa na wanawe, jicho langu humtafuta binti mkubwa, nikijiuliza kama yeye alimaliza. Mara nyingi amemaliza vizuri, pengine kuliko wote, kwa sababu mtoto anayemwona mzazi akisoma hujifunza jambo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha. Mimi mwenyewe nilijifunza kupenda maneno kwa kumsikiliza mama akiyakariri. Lakini si vyema tukategemea bahati. Sera inayomrudisha mama darasani bila kuuliza nani amebaki na mtoto inaweza kuwa inahamisha ujinga kutoka kizazi kimoja kwenda kingine.

Kwa mama kijana swali hili ni kali zaidi. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania Bara iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi katika mfumo rasmi, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwaruhusu, na Kenya ilikuwa na mwongozo wa namna hiyo tangu mwaka 1994. Uamuzi wa 2021 ulikuwa wa haki na ulichelewa. Hata hivyo ruhusa ya msichana kurudi, peke yake, haimpi mtoto wake pa kukaa. Shule ya kutwa inaanza asubuhi na mapema na kuisha alasiri. Mtoto wa miezi minane hawezi kukaa muda huo bila ziwa au bila mtu. Kama bibi yupo na hana shamba la kulima siku hiyo, msichana anarudi. Kama bibi naye anauza vitumbua asubuhi ili wale wote watatu, ruhusa inabaki kwenye karatasi. Wanaokwenda kwenye vituo vya elimu mbadala wana nafuu ya muda, kwa sababu masomo huko yanaweza kupangwa kwa saa chache, na pale ambapo kituo kinaruhusu mtoto awepo, nafuu inakuwa kubwa. Chumba kimoja, mkeka, na mama mtu mzima mmoja wa kuangalia watoto saa tatu kwa siku: kwa kituo, hiyo ni gharama ndogo kuliko mwalimu mmoja.

Fedha zina uzito wake, ila si pale tunapodhani. Ada ya masomo ya jioni hupatikana: kuna upatu, kuna vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, kuna kaka aliye mjini. Kinachomaliza mtu ni nauli ya kila siku na kibarua anachokikosa. Sekondari ya kutwa ya Serikali haina ada tangu Januari 2016, lakini hiyo ni ya mtoto wa sare. Mzazi aliyeikosa zamani ile karo ilipomshinda baba yake, leo analipa. Akifika ngazi ya chuo kikuu anakutana na ukuta mwingine: miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji. Mwanamke aliyeolewa na miaka 18, akalea hadi mtoto wa mwisho akaanza darasa la kwanza, kisha akapita QT, kidato cha nne na stashahada, atafika mlango huo na miaka mingapi? Ukomo huo unahesabu umri wa mtu kana kwamba wote tunaanza mbio siku moja. Natamani uondolewe, au walau uhesabu miaka tangu mtu alipopata sifa ya kujiunga na chuo.

Halafu kuna lugha, na hapa bibi na mama wanaachana njia. Bibi alisoma ngumbaru kwa Kiswahili, kuhusu mambo anayoyaishi: mbolea, maji ya kuchemsha, hesabu za mauzo. Mama alisoma darasa la saba kwa Kiswahili, akakaa zaidi ya miaka 15 bila shule, kisha akakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Nusu ya saa zake chache ziliishia kwenye kamusi. Alikuwa anajua damu inavyozunguka. Aliiona wodini kila siku. Asichokijua ni namna ya kuliandika jambo hilo kwa lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani, wodini wala sokoni. Mtoto wa sekondari ana miaka minne ya kuizoea. Mtu mzima wa masomo ya jioni, anayebana vidato vinne katika miaka miwili, hana. Nikiombwa nitaje jambo moja la bure, lisilohitaji jengo wala mkopo, ambalo lingewavusha wazazi wengi, ningesema wapewe hiari ya kuulizwa na kujibu kwa Kiswahili.

Simu imesaidia, na sitaki kuipunguzia thamani. Leo mzazi anasikiliza somo lililorekodiwa akiwa kwenye daladala, anapokea maswali kwenye kundi la WhatsApp, anapiga picha ukurasa wa kitabu asichoweza kununua. Ila simu imeifanya saa ya kusoma ihamie saa nne usiku, baada ya watoto kulala, na kuongezwa juu ya siku iliyokwisha kujaa.

Hata hadithi tunazozipenda zinatuonyesha tunavyolikwepa jambo hili. Kenya ilipofuta karo ya msingi mwaka 2003, Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Dunia nzima ikamjua. Akapelekwa New York mwaka 2005 kuzungumzia elimu bure, na baada ya kifo chake ikatoka filamu. Alistahili. Lakini Maruge alikuwa mzee aliyemaliza kulea. Mtu wa miaka 34, mwenye mtoto wa kunyonya na zamu ya asubuhi, hapigwi picha. Yeye ndiye elimu yake ingelisha watu watano kwa miaka 30 ijayo, na ndiye tunayemwambia ajitume.

Mfuko wa rambo ulikaa juu ya kabati wiki tatu. Kisha bibi akashuka kwenye basi la Muheza na begi moja na kuku mmoja, bila kuitwa. Sijui hadi leo nani alimpelekea habari. Aliuliza mambo mawili tu: mtihani ni lini, na mtoto anakula nini. Kesho yake alimpa baba ndoo, akamwambia, "Mwanangu, kisima unakijua." Baba akaenda. Mimi nikarudishiwa chemli kwa saa moja kila jioni, na mama akarudi darasani.

Siku ya pepa ya baiolojia nilifuatana na mama, bibi na mdogo wangu wa mwisho hadi kituo cha mtihani, kwa kuwa sisi wa darasa la sita tulikuwa tumefunga shule. Bibi akatandika kanga chini ya mkorosho nje ya uzio, mdogo wangu akiwa mapajani. Pepa ilikuwa ya saa tatu. Mtoto alilia saa nzima ya mwisho, bibi akimtembeza huku na huku, akimwimbia kwa sauti ya chini ili wa ndani wasisikie. Mama alipotoka, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Akaketi, akamchukua mtoto, akamweka ziwani.

"Wamekuuliza nini?" bibi akasema.

Mama akaanza kumweleza swali la moyo na mishipa, kwa Kiswahili, damu inaingia wapi, inatokea wapi, inasafishwa wapi, akichora kwa kidole mchangani. Bibi akamkatiza mara mbili kuuliza, naye akarudia. Alieleza swali lote mpaka mwisho, na mtoto alikuwa bado ananyonya.